Ngozi inayowasha: punguza makopo kwanza

Msomaji wangu, kabla hatujafika mbali naomba uinuke ukahesabu. Hesabu kila kitu kinachogusa ngozi yako, au ya mwanao, tangu asubuhi hadi usiku: sabuni ya kuogea, dodoki, ile dawa ya majimaji ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye beseni, losheni ya mwili, krimu ya uso, mafuta ya nywele yanayochuruzika hadi kwenye paji la uso, poda, marashi, na tyubu ndogo uliyoambiwa dukani kwamba inamaliza kila kitu. Ukifika vitu saba, hujawazidi wengi. Ukifika kumi na ngozi bado inawasha, basi ukurasa huu leo ni wako.

Ninachotaka kusema ni kifupi, na najua hakitawafurahisha wauza vipodozi, wawe wa Soko Kuu la Chifu Kingalu au wa pembeni mwa stendi ya Msamvu. Ngozi inayochokozeka upesi, ile tunayoiita ngozi nyeti, mara nyingi hainyamazi kwa kuongezewa kitu. Hunyamaza kwa kupunguziwa.

Msimu huu nimeuchagua makusudi. Kuanzia Juni hadi Agosti masika yamekwisha, hewa imekauka, na upepo unaoshuka kutoka Uluguru alfajiri una ubaridi wa kuchoma. Mjini Morogoro, kwenye mwinuko wa kama mita 500 tu, mtu hujifunga kitenge mabegani hadi saa tatu kisha anakivua. Lakini panda gari la Mgeta uende hadi Nyandira, kwenye miinuko inayozidi mita 1,000, katika milima ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600. Huko sweta halivuliwi mchana kutwa. Midomo inapasuka, visigino vinafanya nyufa, na miguu ya watoto inapauka kama imepakwa majivu. Ndipo kila mtu anapokimbilia dukani kuongeza kopo.

Tuangalie kwanza kinachoharibika. Tabaka la juu kabisa la ngozi, ukiacha viganja na nyayo, ni jembamba kuliko karatasi ya gazeti hili. Limejengwa kama ukuta wa matofali: chembe zilizokufa ndizo tofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaozishikanisha. Udongo ukitoka, tofali zinaweza kubaki zimesimama, lakini upepo na maji vinapita. Ndivyo ilivyo kwenye ngozi. Maji ya mwili yanatoka nje, na vichokozi vinaingia ndani: manukato ya sabuni, vumbi, jasho, mabaki ya sabuni ya unga kwenye nguo. Mwili unajibu kwa mwasho, wewe unajikuna, na kucha zinabomoa tofali zaidi.

Kuna waliozaliwa na ukuta wenye udongo haba. Wengi wao ndio wenye pumu ya ngozi, na katika familia zao si ajabu kusikia pia habari ya pumu ya kifua au mafua ya mzio. Si uchafu, si kurogwa, na haiambukizi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake na kukaa dawati moja na wenzake. Wengine walizaliwa na ukuta mzuri kabisa, lakini wameubomoa wenyewe, siku baada ya siku, kwa nia njema na kwa pesa zao.

Ubomoaji huo huanzia kwenye beseni la kuogea. Asubuhi ya baridi mtu anachemsha maji kwenye kuni hadi yanatoa mvuke, anajipaka sabuni kutoka shingoni hadi unyayoni, anasugua kwa dodoki hadi ngozi inalia, na jioni anarudia. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Kipimo chake cha pH ni kama 5. Sabuni ya kawaida, iwe ya mche au ya kipande chenye harufu ya waridi, huwa kati ya 9 na 10. Povu lake haliwezi kutofautisha mafuta yaliyoganda kwenye sufuria na mafuta yanayoshika tofali zako, linaondoa yote. Maji ya moto sana yanamalizia kazi.

Basi oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Sabuni ipeleke panapostahili: kwapani, kinena, makalio na miguu. Kifua, mgongo, mikono na mapaja ya mtu ambaye hakushinda shambani wala gereji hayahitaji povu kila siku, maji yanatosha. Dodoki lipumzike. Dawa ya kuua vijidudu isitiwe kwenye maji ya kuoga ya mtoto kabisa, kwa sababu ngozi yake haina kidonda cha kuoshwa, na dawa hiyo inachokoza. Na kwa kichanga, Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Ule utando mweupe anaozaliwa nao ni mafuta yake ya kwanza, usisuguliwe.

Kwa bibi aliyelea watoto wengi na kuzoea kumsugua mjukuu hadi ang'are, haya ni magumu kuyasikia. Usimkatalie kwa ukali. Mwombe yeye awe mwenye kazi ya kupaka mafuta, maana hiyo ndiyo kazi kubwa.

Kazi yenyewe inataka wakati sahihi. Usimfute mtoto hadi akauke kau. Mgusie taulo au kanga laini, maji makubwa yatoke, kisha umpake ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Yanayazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka umefunga mlango mwizi akiwa ameshaondoka. Paka kwa kufuata uelekeo wa malaika, kutoka juu kwenda chini, bila kusugua kwa nguvu, na rudia jioni. Usiwe bahili: mtoto mwenye ngozi kavu sana anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Kwa kiasi hicho, kopo la bei ghali litakufilisi, au litakufanya upake kidogo kidogo kama chumvi kwenye mboga.

Mafuta gani, basi? Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 550 wenye pumu ya ngozi. Waligawanywa makundi manne: waliopewa losheni, waliopewa krimu, waliopewa jeli na waliopewa mafuta mazito. Wiki 16 zikapita, na hakuna kundi lililowashinda wenzake. Miaka minne kabla ya hapo, uchunguzi mwingine wa nchi hiyo hiyo, wenye watoto 482, ulionyesha kwamba mafuta maalumu ya kumimina kwenye maji ya kuoga hayaongezi faida yoyote ya maana kwa mtoto ambaye tayari anapakwa mafuta ya kawaida. Mwaka 2020 ukatoka wa tatu, wa vichanga 1,394: kuwapaka krimu kila siku watoto ambao hawajaugua hakukuwazuia kupata pumu ya ngozi baadaye. Kwa lugha ya nyumbani: mwenye ngozi kavu apakwe, asiye na shida aachwe, na aina ya mafuta si jambo la kupigania.

Ndiyo maana kwa mtu wa Nyandira naanza na mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi. Viambato vichache, bei nafuu, na ni nadra sana mtu kupata mzio nayo. Soma kopo vizuri, kwa sababu mengi yanayouzwa kwa watoto yametiwa manukato, na manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi. Picha ya mtoto anayecheka kwenye kopo haimaanishi kwamba kilichomo kinamfaa mtoto. Mafuta safi ya nazi au ya alizeti pia yanafaa kwa wengi. Hospitalini Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya damu pungufu kwa kama asilimia 40 kuliko wasiopakwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Nasema mafuta safi, si yaliyokwisha kukaangia samaki.

Mtu wa mjini afanye hesabu nyingine joto linaporudi. Januari, jasho likiwa linatiririka, mafuta mazito hunasa joto na kuleta vipele vya joto, na kwa vijana huziba vitundu na kuongeza chunusi. Wakati huo losheni nyepesi isiyo na harufu inatosha, na uso wenye chunusi hauhitaji kupakwa mafuta ya mgando hata kidogo. Kijana mwenye chunusi za paji la uso tu achunguze kwanza mafuta yake ya nywele.

Tahadhari moja ambayo makopo mengi hayaiandiki: nguo, kanga na mashuka yaliyolowa mafuta ya ngozi kwa siku nyingi hushika moto upesi kuliko nguo kavu. Kwenye nyumba ya kuni, mkaa au kibatari hili si jambo dogo. Aliyepakwa mafuta asikae jikoni karibu na moto, na shuka lake lifuliwe mara kwa mara.

Hapa najua wapo wanaosema: basi, nitaviacha vya dukani nitumie vya asili. Subiri kidogo. Upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole na Matombo, tuna utajiri wa mdalasini, karafuu na pilipili manga ambao chai na pilau vinaushukuru. Ngozi haiushukuru. Mafuta yaliyomo kwenye mdalasini na karafuu yamo katika orodha ya vitu ambavyo madaktari wa ngozi huvitumia kupima mzio wa manukato, kwa sababu vinajulikana kuuleta. Ndimu ni mbaya zaidi: maji yake yakiwa kwenye ngozi na jua likiipiga, huunguza, hutoa malengelenge, na huacha alama nyeusi za miezi mingi. Wanaosugulia uso ndimu na magadi ili uwe "laini" wanaumwaga uchachu mkali juu ya ukuta, kisha wanaumwaga ukali wa upande wa pili. Dawa ya meno kwenye chunusi ni balaa hilo hilo. Hata mshubiri, ambao wengi wanauamini, ute wake wa ndani ni mpole lakini ule utomvu wa njano wa chini ya ganda unawasha.

Na kwa kuwa msimu wa harusi hauko mbali: hina nyekundu ya majani ni tofauti na piko. Piko jeusi huwa na kemikali iitwayo PPD, ile ile iliyomo kwenye rangi nyingi za nywele, na ikimkataa mtu humkataa kwa maisha. Bibi harusi mwenye historia ya mwasho asikubali kuchorwa piko siku moja kabla ya harusi eti kwa sababu shoga yake alichorwa na hakudhurika.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za ngozi nyeupe, na ndani yake mwasho unaonekana kama wekundu. Kwetu wekundu hauonekani hivyo. Ngozi nyeusi iliyovimba kwa mwasho huonekana ya kijivu, ya zambarau au nyeusi zaidi, na mara nyingi huja na vipele vidogo vidogo kwenye mizizi ya malaika. Ikipoa huacha alama: nyeusi kwa wengine, zilizofifia kwa wengine. Watoto hupata madoa meupe meupe mashavuni, na mama huambiwa ni minyoo au upungufu wa vitamini, wakati mara nyingi ni ngozi kavu iliyochokozeka tu. Alama hizi si ugonjwa mpya. Mwasho ukitulia zinaondoka zenyewe, lakini polepole, kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka.

Mwaka mzima ni mrefu kwa msichana wa miaka 19 anayejitazama kwenye kioo. Kwa hiyo anakwenda kutafuta cha kufuta madoa, na hapo ndipo anapokutana na mkorogo: kopo lisilo na lebo, lililochanganywa nyuma ya saluni, ambalo mchanganyaji mwenyewe hawezi kukuambia kwa hakika ndani mna nini. Kinachokutwa ndani ya vitu vya namna hii kinajulikana. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huleta madoa ya rangi ya kibuluu na nyeusi mashavuni, magumu mno kutibika, yaani jambo lile lile alilokuwa akilikimbia. Kuna zebaki, inayoharibu figo, na ambayo haibaki kwa mpakaji peke yake. Hupita kwenye taulo na mashuka hadi kwa mtoto anayelala naye. Na kuna steroidi.

Steroidi inahitaji kuelezwa kwa haki, maana si adui. Tangu dawa hizi za kupaka zianze kutumika mwaka 1952 zimewaokoa wagonjwa wengi, na mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyochachamaa anaweza kabisa kuandikiwa. Mzazi asiogope. Daktari huchagua yenye nguvu inayolingana na mahali: hafifu kwa uso na kinena, kali kidogo kwa magoti na viwiko, kwa siku zinazohesabika. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka. Kamulia dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Pale pale panapowasha, basi.

Shida ni tyubu inayouzwa bila swali. Soma maandishi madogo. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi yenye nguvu, na mara nyingi imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja, kana kwamba muuzaji amekiri kuwa hajui unaumwa nini. Siku tatu za kwanza ni za ajabu: mwasho unakwisha, uso unang'aa, hata rangi inafifia kidogo na watu wanakusifu. Ukiacha, kila kitu kinarudi kwa hasira, kwa hiyo unanunua nyingine. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, chunusi na malaika vinaota usoni, michirizi inachora mapaja. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho. Kama tatizo lilikuwa fangasi, inanyamazisha mwasho huku fangasi ikitambaa pembeni na kubadili sura hadi hata mganga mzoefu anaipotea. Na kwa mtoto mdogo, dawa hii hupenya hadi kwenye damu na inaweza kuzidumaza tezi zake.

Kuanzia mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki kwa mamlaka ambayo sasa inaitwa TMDA. Mgawanyo huo una mantiki yake ofisini. Mtaani, mkorogo ni kipodozi chenye dawa ndani yake, na tyubu ya steroidi ni dawa inayouzwa kama kipodozi. Viko katikati ya meza mbili. Nisingependa kuona msako wa siku moja wenye kamera, ambapo makopo yanachomwa moto na kesho yake yamerudi rafuni. Ningependa mkaguzi wa TBS na wa TMDA wapite duka moja, siku moja, na orodha moja. Na ninawaomba wenye maduka ya dawa muhimu, ambao kule vijijini ndio wa kwanza kufuatwa kabla ya mganga, wasiuze steroidi kali bila cheti. Mteja atanuna. Mwuzie mafuta ya mgando.

Nawe unayetaka kuanza, fanya hivi kwa wiki nne, maana huo ndio muda ambao ngozi huchukua kujibadilisha. Weka kila kitu kwenye boksi, kasoro sabuni moja isiyo na harufu na mafuta ya aina moja. Usitupe, weka tu. Nguo zifuliwe kwa sabuni kidogo na zisuuzwe mara mbili, na sweta la sufi livaliwe juu ya fulana ya pamba, lisiguse ngozi. Kucha za mtoto zikatwe fupi. Mchana wa jua kali, kofia pana au kanga hukinga madoa yasizidi kuiva, na haina kiambato hata kimoja. Baada ya wiki nne, kama unakimiss kitu fulani kutoka kwenye boksi, kirudishe peke yake: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, siku saba. Pakiwasha umempata mchawi wako. Pasipowasha, kitumie, kisha ndipo ujaribu kingine. Wengi wanaofika mwisho wa mwezi hugundua kwamba hawakumbuki hata kilichokuwa ndani ya boksi.

Wakulima wa Mgeta wanaopulizia dawa nyanya na kabichi wana jambo la ziada. Kwao kichokozi kikubwa hakimo chumbani, kimo kwenye bomba la mgongoni. Mikono na shingo zikichubuka na kuwasha kila baada ya kupulizia, hakuna mafuta yatakayosaidia kama glavu za mpira, mikono mirefu na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto hazipo. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Yapo pia mambo ambayo kupunguza makopo hakuyatibu, na hayataki kungojewa wiki nne. Mwasho unaozidi usiku na kuwakumba watu kadhaa nyumbani, wenye vipele katikati ya vidole, huenda ni upele. Unatibiwa kwa dawa, nyumba nzima siku moja. Duara lenye kingo zilizoinuka laweza kuwa fangasi. Ngozi inayotoa maji au usaha, yenye joto, pamoja na homa, ni maambukizi, nenda leo. Na baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa kwa pamba hulihisi, usilipake kitu chochote: linaweza kuwa ukoma, ambao bado upo nchini, unatibika kabisa kwa dawa za miezi 6 au 12, na dawa zake ni bure.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo mjini Morogoro. Uliza siku ya kliniki ya ngozi kabla hujalipa nauli ya kushuka mlimani. Kwa yaliyoshindikana, tuna bahati ya kuwa na kituo kikubwa cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kufundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Siku ya kwenda, tia makopo yote kwenye mfuko na uende nayo, hata lile lisilo na lebo, hata ambalo mumeo hajui kwamba unalo. Kama umekuwa ukipaka mkorogo au tyubu kali kwa miezi, usiache kimyakimya ukadhani umemaliza, kwa sababu uso unaweza kufumuka vibaya na ukarudia kwa hofu. Mwambie daktari umetumia nini, mara ngapi kwa siku, na tangu lini, ili akupunguzie hatua kwa hatua.